Geuza Jani

Mwezi wa tatu, Newala, ukungu haujapanda kutoka bondeni,
nimekuta msanapiti wa mama umetoka madoa.
Juu ya jani, vitone vya njano, vidogo,
kama cheche za kuchomelea zilizotua kwenye shati jipya.
Nikasema: jua. Nikasema: mbuzi wa kina Likanga.
Mtu huanza na mshitakiwa aliye karibu.

Jirani yangu Nambunga, mwenye mikorosho mia mbili,
akapita na jembe begani, akasimama, akatoa hukumu:
"Hiyo salfa. Upepo umeitoa shambani kwangu."
Salfa! Mwezi wa tatu!
Salfa tunapuliza Juni, Julai, mikorosho ikitoa maua,
macho yakiwasha, nguo kwenye kamba zikinuka kiberiti.
Na salfa, Nambunga, hutoka angani,
hutua juu ya jani kama vumbi juu ya meza.
Akasema basi ni ubwiri unga.
Kwetu huku kila ugonjwa wa mti ni ubwiri,
kama kila homa ni malaria.
Lakini ubwiri ni mweupe, utadhani mtu kapepeta muhogo.

Nikaligeuza jani.

Chini yake, lo,
vipele vya rangi ya chungwa vimejaa kati ya mishipa,
vimevimba, vimepasuka, vinamwaga unga.
Nikapitisha kidole. Kidole kikatoka
na rangi ninayoijua kuliko sahihi yangu:
ya fremu za baiskeli zilizolala nyuma ya karakana,
ya mnyororo uliosahauliwa mvuani,
ya maji ninayonawa kila jioni.
Kutu.

Nitasema kweli, niliiogopa mikono yangu.
Mti huu mama aliuotesha kwa tawi la kuomba,
kichwani pa kaburi la baba, nyuma ya jiko,
na mimi nikitoka kazini huupitia, huushika shina,
sijanawa.

Asinati, binti wa utafiti wa korosho kule Naliendele,
alikuja na pikipiki yenye pancha.
Nikaiziba, hela sikutaka;
nikamfungulia jani nililolikunja kwenye gazeti.
Hakucheka. Akatoa kioo cha kukuzia,
kidogo kama kifuniko cha soda, akaniwekea jichoni.
Punje. Punje juu ya punje,
gunia la ufuta limepasuka mnadani.
"Ni kutu kweli," akasema, "ila si ya chuma.
Hii ni kuvu. Ina uhai. Hujilisha ndani ya jani,
kisha hupanda upepo, ikatafute jani jingine lenye umande."
Nikauliza: huua?
"Haina faida ya kuua. Haili kilichokufa.
Jani likikauka, na yenyewe shughuli imekwisha."

Nimelifikiria hilo siku nzima, tupa mkononi.
Kutu yangu mimi hula kilicholala,
kilichotupwa, kisicho na mwenyewe.
Hii inataka mti ulio macho, unaokunywa, unaochanua.
Sijui ipi ina adabu zaidi.

Aliagiza: okota majani yaliyoanguka, yote, uyachome.
Punguza matawi, upepo upite.
Maji mwagia shinani asubuhi, usiloweshe majani jioni.
Mama, aliyekuwa mlangoni akichambua kunde,
akauliza swali moja tu:
kama mti unaumwa, mbona maua yananukia vilevile?
Asinati akaitazama pikipiki yake.
Hilo, akasema, hakufundishwa.

Sasa naokota. Yamejikunja, ya kahawia,
yanavunjika kama maganda ya karanga.
Nambunga ananichungulia uani:
"Salfa bado haijaisha?"
Namwambia weka jembe chini, njoo uone kwa chini.
Hana muda. Palizi.

Jioni nainama kwenye beseni, sabuni ya unga, mpaka kiwiko.
Maji yanatoka na rangi ileile ya miaka yote.
Leo sijui ni kutu ipi.